Tusingoje mpaka panga liinuke

Mpenzi msomaji, Jumapili ya leo naomba tuketi tuzungumze juu ya jambo ambalo katika maboma mengi huzungumzwa mlango ukiwa umefungwa. Sizungumzii mimba za wasichana wa shule wala ulevi wa waume, kwa maana hayo siku hizi yanatajwa hata makanisani. Nazungumzia ugonjwa wa akili, ule mkali, ule unaomfanya mtoto uliyemzaa mwenyewe akutazame kana kwamba hajawahi kukuona. Tena nazungumzia yale yanayofuata pale ugonjwa huo unapoachwa bila dawa mwaka baada ya mwaka, hadi siku moja damu inamwagika, polisi wanaingia uani, na yule aliyekuwa mgonjwa jana anaitwa muuaji leo.

Tuseme ni boma mojawapo hapa Kakamega, huko Shinyalu, au Malava, au Butere. Kijana amemaliza kidato cha nne. Hana ugomvi na mtu, na mama yake anamtegemea kwa kuteka maji na kupalilia mahindi. Akifika miaka 19 au 20 hivi, anaanza kujitenga. Usiku halali. Anazungumza peke yake nyuma ya jiko, tena anajibu kama aliyeulizwa swali. Anakataa ugali wa mama kwa sababu, asema yeye, umetiwa sumu. Redio inamtaja jina. Baba yake mdogo, asema, anakwenda usiku kwa mganga ili amwangamize achukue shamba.

Familia inafanya nini? Mwaka wa kwanza inasema ni bangi. Mwaka wa pili inasema amerogwa, na ng'ombe mmoja anauzwa kumlipa mganga. Mwaka wa tatu anapelekwa kuombewa, na baada ya maombi anatulia kwa majuma mawili, basi kila mtu anashukuru. Mwaka wa nne anafungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba ili asiwapige watoto. Watoto wa shule wakipita wanamzomea. Na mwaka wa tano, alfajiri moja, kamba imelegea na panga liko pale lilipoachwa baada ya kukata nyasi za ng'ombe. Baba mdogo anapita akienda kukamua.

Mfano huu sikuutoa katika boma la mtu yeyote, na asijitokeze mtu kusema nimemwandika. Lakini nakuuliza, wewe unayesoma, je, hujapata kuona hata nusu yake kijijini kwenu?

UGONJWA, SI LAANA

Hebu tuanze na ugonjwa wenyewe. Madaktari wanauita skizofrenia, na ni mmoja tu kati ya magonjwa makali ya akili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote mtu 1 kati ya kila 300 anaugua ugonjwa huu. Kaunti ya Kakamega ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya 2019. Piga hesabu mwenyewe na utaona kwamba, tukifuata makadirio hayo, kaunti hii moja ingekuwa na watu wapatao 6,000 wenye maradhi haya. Hao wote hawawezi kuwa wamerogwa na baba mdogo.

Mara nyingi ugonjwa huanza katika ujana, wakati mzazi anapotarajia mwanawe aanze kujitegemea. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kwake yeye sauti hizo ni za kweli kama yangu ingekuwa kama ningekuwa mbele yako. Huamini mambo ambayo hakuna ushahidi utakaomwondoa kwayo: kwamba anafuatwa, kwamba anawekewa sumu, kwamba mke wake si mke wake bali ni mtu mwingine aliyevaa sura yake. Ukibishana naye, unakuwa tu mmoja wa maadui.

Lakini dawa ipo, na haikuja jana. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kuwapa wagonjwa wa akili dawa iitwayo klopromazini, wakaona watu waliokuwa wakipiga mayowe miaka na miaka wametulia na kuzungumza. Tangu hapo zimetengenezwa nyingine nyingi, zikiwemo za sindano ambayo huchomwa mara moja kwa majuma kadhaa, ambayo humfaa sana mgonjwa asiyependa kumeza vidonge kila siku. Dawa hizi hazimponyi kila mtu kabisa, na nyingine huleta kutetemeka, uzito wa mwili au usingizi, nayo ni sababu wengi huziacha. Hata hivyo wagonjwa wengi wanaozitumia na kufuatwa na daktari huweza kuishi nyumbani na kulima, na baadhi hata kufundisha na kuoa.

Tena si kila anayepayuka ana skizofrenia. Malaria ya kichwa, homa ya uti wa mgongo, kifafa, virusi vya ukimwi na pombe iliyokomaa mwilini vinaweza kumvuruga mtu akili. Mama aliyejifungua juzi anaweza kupatwa na wazimu mkali katika majuma ya kwanza. Huwapata mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, na ni jambo la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Ni daktari tu atakayeweza kutenganisha haya. Mganga hana kipimo cha malaria.

MGONJWA SI ADUI

Hapa nataka nikuombe msomaji usinielewe vibaya. Watu wengi sana wenye magonjwa ya akili hawatamdhuru mtu yeyote maisha yao yote. Wao ndio hudhuriwa: hupigwa mawe, wanawake hubakwa, hunyang'anywa mashamba, huchomwa moto na vijana wenye hasira wakidhaniwa kuwa wachawi au wezi. Anayemwogopa kila mgonjwa wa akili anaogopa mtu asiyefaa kuogopwa.

Hatari huongezeka pale mambo fulani yanapokutana: mgonjwa ana dhana kwamba mtu fulani anataka kumuua, au sauti zinamwamuru ashambulie; hatumii dawa; na juu ya hayo anakunywa chang'aa au anavuta bangi. Mambo hayo matatu yakikaa pamoja ndani ya boma moja, ni kama jiko la makaa lililoachwa chini ya paa la nyasi. Na anayedhurika mara nyingi ni mtu wa karibu kabisa, mama anayempelekea chakula, bibi aliyemlea, mtoto aliyelala chumba kimoja naye. Ndiyo maana katika kesi hizi familia moja hukalia viti vyote viwili kortini. Marehemu ni wao, na mshtakiwa pia ni wao.

KORTINI

Sasa twende Mahakama Kuu. Katika nchi yetu kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, na hapa kwetu ni ile ya Kakamega mjini. Kabla mshtakiwa hajasomewa mashtaka na kujibu, kwa kawaida hupelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili ambaye huandika ripoti. Ripoti ikisema hawezi kuelewa mashtaka, kesi husimama na yeye huenda kutibiwa. Ikisema yuko sawa, kesi huendelea.

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Daktari anaposema mshtakiwa yuko sawa kujibu mashtaka, anazungumzia siku aliyompima. Hasemi lolote juu ya asubuhi ile ya panga. Kijana wetu huenda amekaa rumande miezi mingi, amepewa dawa kwa mara ya kwanza maishani mwake, mbali na chang'aa, na sasa anajibu maswali vizuri. Jamaa zake wakiona hivyo wanadhani habari ya wazimu imekwisha, nao wananyamaza. Kumbe mambo hayo ni maswali mawili tofauti kabisa.

Sheria yetu ya jinai, kifungu cha 11, inamchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 12 kinasema mtu hawajibiki kwa jinai kwa tendo lake ikiwa, wakati wa kulitenda, ugonjwa ulioathiri akili yake ulimfanya asiweze kuelewa anachofanya, au asijue kwamba hapaswi kukifanya. Mzigo wa kuthibitisha hayo umewekwa juu ya mshtakiwa. Mtu yule ambaye hakuwa na habari ya dunia siku ile ndiye anayetakiwa kueleza korti kwamba hakuwa na habari ya dunia! Atawezaje, bila mama yake kusimama na kueleza yaliyotokea miaka 5 kabla? Bila kadi ya kliniki? Bila naibu wa chifu kusema kwamba aliwahi kuitwa bomani pale mara 3 kumtuliza?

Na kipimo hicho cha kifungu cha 12 ni kidogo kuliko ugonjwa wenyewe. Mgonjwa anaweza kujua kwamba alilolishika ni panga, na kwamba aliyemkata ni baba mdogo, hata akakimbilia shamba la miwa kujificha. Lakini aliamini kwa moyo wake wote kwamba asipomwahi, yeye ndiye atakufa kabla ya jua kuchwa. Je, huyo alijua hapaswi kufanya alivyofanya? Majaji na madaktari wamebishana juu ya swali hilo kwa zaidi ya miaka 150.

KISA CHA LONDON

Ubishi huo ulianzia mbali, nasi tukaurithi. Mnamo Januari 1843 Mskoti mmoja aitwaye Daniel M'Naghten alimpiga risasi mgongoni Edward Drummond katika barabara ya London. Drummond alikuwa katibu wa waziri mkuu Robert Peel, na M'Naghten alidhani amempata Peel mwenyewe. Alikuwa ameamini kwa muda mrefu kwamba chama tawala kinamfuata kila aendako na kumnyima amani. Drummond akafa baada ya siku 5. Madaktari walieleza mahakama juu ya wazimu wa mshtakiwa, naye akaachiliwa kamba ya kunyongwa, akafungiwa katika hospitali za wendawazimu hadi alipofariki mwaka 1865.

Umma wa Uingereza ulikasirika, na majaji wakaulizwa watoe mwongozo. Mwongozo ule ndio uliozaa kifungu chetu cha 12, kilicholetwa Kenya wakati wa ukoloni pamoja na sheria ya jinai ya 1930. Mtazame vizuri M'Naghten, msomaji, kisha umkumbuke kijana wetu na redio inayomtaja jina. Mmoja aliogopa chama cha siasa, mwingine anaogopa baba mdogo na mganga wake. Ugonjwa hutumia vitisho vya mahali ulipo.

Kisha mwaka 1882 mtu mwingine, Roderick Maclean, alimfyatulia bastola Malkia Victoria kwenye stesheni ya gari la moshi ya Windsor. Malkia hakuumia. Mahakama ilipomwona Maclean kuwa mwendawazimu na kusema hana hatia, Malkia alihamaki: hana hatia vipi na watu walimwona? Bunge likabadilisha maneno mwaka 1883, ikawa mahakama iseme mtu wa namna hiyo ana hatia lakini ni mwendawazimu. Waingereza wenyewe waliyaacha maneno hayo mwaka 1964. Sisi tulibaki nayo katika kifungu cha 166 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai. Basi kifungu cha 12 kinamwambia mgonjwa kwamba hawajibiki, na kifungu cha 166 kinamwita mwenye hatia. Hasira ya Malkia imesafiri hadi Kakamega.

KAMBA NA HIARI YA RAIS

Je, kijana asipoaminiwa kwamba alikuwa mgonjwa? Kifungu cha 204 kimeweka adhabu ya mauaji kuwa kifo. Kwa miaka mingi jaji aliyemwona mtu ana hatia ya mauaji hakuwa na neno jingine la kusema, hata akiona kwa macho yake kwamba aliye kizimbani ana akili iliyochoka. Mnamo Desemba 14, 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi maarufu ya Muruatetu, ilisema ulazima huo unapingana na Katiba. Uamuzi ule haukufuta hukumu ya kifo. Ulimpa jaji nafasi ya kusikiliza maombi ya kupunguziwa adhabu, na maradhi ya akili yanaweza kuwa miongoni mwa sababu hizo. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba uamuzi ulihusu kesi za mauaji, wala si wizi wa kimabavu na makosa mengine.

Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, waliponyongwa waliohusika na jaribio la mapinduzi la 1982. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa wafungwa 2,747. Julai 2023 Rais Ruto naye akawabadilishia waliohukumiwa kabla ya Novemba 21, 2022.

Sasa mfuate yule ambaye korti ilikubali kwamba alikuwa mgonjwa. Kwa mujibu wa kifungu cha 166, huyo huzuiliwa kwa hiari ya Rais, gerezani au hospitali kama Mathari. Hana miaka aliyohesabiwa. Sheria inataka ripoti juu yake ipelekwe kwa waziri baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2, na Rais ndiye wa kuamua kama atoke. Mwizi aliyefungwa miaka 7 anahesabu siku zake ukutani kwa mkaa. Mgonjwa aliyeonekana hawajibiki hana cha kuhesabu. Hata afanywe mzima na dawa, bado anangoja barua. Ndiyo maana mawakili wengine wamekuwa wakiogopa kutaja wazimu kabisa: ni afadhali kifungo chenye mwisho kuliko huruma isiyo na mwisho.

Majaji wetu wameliona hili. Mwaka 2018 Jaji David Majanja, akiwa Mahakama Kuu ya Kisumu, aliamua kwamba kumwachia Rais kazi ya kuamua muda wa kuzuiliwa kunapingana na Katiba, kwa maana kutoa adhabu ni kazi ya mahakama. Majaji wengine wa Mahakama Kuu wamesema vivyo hivyo. Kwa jirani zetu Uganda, Mahakama Kuu ya Fort Portal mwaka 2015 ilishughulikia kisa cha baba aliyemuua mwanawe akidhani anaua nyoka, naye alikuwa amekaa gerezani miaka mingi akingoja amri ya waziri. Huko pia mahakama ilikataa mtu aozee jela kwa sababu karatasi haijatiwa sahihi.

Duniani nako, Umoja wa Mataifa ulikubaliana mwaka 1984 kwamba mtu aliyepoteza akili asinyongwe. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1986, na mwaka 2021 jimbo la Ohio likapitisha sheria ya kutomhukumu kifo mtu aliyekuwa na ugonjwa mkali wa akili wakati wa kosa.

NA DAMU YA MAREHEMU?

Najua kuna msomaji anayetikisa kichwa na kuuliza: na aliyekufa je? Hakuwa na haki? Alikuwa nayo, tena kubwa. Mjane wa baba mdogo ana watoto wa kusomesha, na hakuna ripoti ya daktari itakayomrudishia mume. Asiambiwe anyamaze ati kwa sababu muuaji alikuwa mgonjwa.

Lakini fikiri vizuri, ndugu yangu. Adhabu ya kifo imewekwa, kama wanavyosema wanaoitetea, ili mwingine aogope. Nani ataogopa kati ya wanaosikia sauti? Kijana aliyeamini kwamba sumu imo ugalini hakuogopa Kamiti, kwa kuwa aliamini kifo kiko mlangoni tayari. Kitu kilichoweza kumwokoa baba mdogo kilikuwa sindano ya dawa miaka 4 kabla, na hicho ndicho mjane wake angepaswa kutudai sisi sote: familia, kanisa, chifu na serikali.

Serikali nayo ina deni. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipotoa ripoti mwaka 2020, lilitaka ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ya 1989 ikafanyiwa marekebisho, na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizo na kuwa na mabaraza yao ya afya ya akili. Hospitali kuu ya kaunti hapa Kakamega ina kitengo cha magonjwa ya akili, kwa hiyo hatuna sababu ya kudhani kwamba njia pekee ni Mathari, Nairobi. Muulize mwakilishi wako wa wadi, akija kuomba kura, dawa za akili zinafika lini katika zahanati iliyo karibu nawe.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Sitaki tuachane na huzuni mikononi bila kazi ya kufanya. Basi shika haya.

Kwanza, mtoto akianza kujitenga, kukosa usingizi, kuzungumza peke yake na kushuku chakula, usingoje mwaka uishe. Mpeleke hospitali mwezi huo huo. Ukitaka kumwombea, mwombee, lakini mwombee akiwa njiani kwenda kwa daktari. 

Pili, usibishane na sauti anazozisikia, wala usimcheke. Mwambie, "Sizisikii, lakini naona zinakutesa. Twende tupate usaidizi." Maneno hayo yamewafikisha wengi hospitali pasipo kamba.

Tatu, akiwa mkali, ondoa panga, jembe, shoka na mchi mahali anapoweza kuvifikia, na watoto walale kwa jirani. Panga lililofichwa kwa shangazi haligharimu hata senti.

Nne, akikataa kwenda, usingoje ampige mtu. Sheria ya 1989 iliwapa polisi, machifu na manaibu wao mamlaka ya kumchukua mtu anayeonekana kuwa na ugonjwa wa akili na aliye hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, na kumfikisha hospitali. Iliwapa pia mamlaka hayo pale mgonjwa anapoteswa au kutelekezwa. Mwone liguru wenu, naye akupeleke kwa naibu wa chifu. Mkumbushe kwamba unaomba hospitali, huombi seli.

Tano, weka karatasi zote. Kadi ya kliniki, barua ya rufaa, risiti ya dawa, hata barua uliyomwandikia chifu. Zitie katika mfuko mmoja wa nailoni, uzifiche penye hati ya shamba. Zitamsaidia daktari mpya kujua dawa iliyofaa na iliyokataa. Na Mungu apishe mbali, siku ikija ya korti, karatasi hizo zitasema yale ambayo mgonjwa hawezi kuyasema.

Sita, yakiwa yameshatokea, msijifiche. Murehemu marehemu na mshtakiwa pia. Nendeni kwa wakili ambaye serikali humpa mshtakiwa wa mauaji, mkamweleze ugonjwa ulianza lini, nani aliuona, alitibiwa wapi, aliacha dawa lini. Ombeni daktari aulizwe juu ya siku ya tukio, si juu ya siku ya kupimwa peke yake. Majirani walioona wakubali kuwa mashahidi. Kunyamaza kwa aibu kortini kunaweza kumpeleka mtu chini ya hukumu ya kifo.

Saba, akirudi nyumbani kutoka hospitali au jela, asiitwe jina la kichaa tena. Apewe kazi, sahani yake mezani na mtu wa kumkumbusha siku ya sindano. Kwa kawaida huyo mtu ni mama. Basi wengine tumsaidie mama, maana naye huchoka. Nauli ya kliniki ikichangwa na chama cha kina mama mara moja kwa mwezi, ni kidogo mno kuliko gharama ya jeneza na wakili kwa mwaka mmoja.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Katika ugonjwa huu vilio huwa viwili, cha kaburini na cha kizimbani, na vyote hulia katika boma moja. Nenda basi kesho Jumatatu. Kliniki hufunguliwa asubuhi.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.